Bustani ya Maua Nyumbani: Lipi Lipandwe Wapi, na kwa Majira Gani

Mvua za vuli huanza kunyesha katika milima ya Usambara Magharibi mwezi Oktoba, na kwa mwenye nia ya kuwa na maua mbele ya nyumba yake, kazi huanza kabla ya tone la kwanza. Kitalu hutayarishwa Septemba. Anayesubiri mvua ikolee ndipo atafute mbegu hujikuta akihamisha miche Desemba, nayo miche hiyo hukutana na jua la Januari ikiwa bado haijashika ardhi.

Wapo wanaosema kwamba maua ni mapambo ya wenye nafasi, na kwamba katika wilaya yenye ardhi finyu kama Lushoto kila shubiri ipandwe mahindi, maharage au viazi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Hata hivyo, sehemu ya kiwanja inayozungumziwa hapa ni ile ambayo mara nyingi haipandwi chochote: uwanja unaofagiliwa kila asubuhi hadi ukang'aa, ukingo wa njia ya kuingilia, na kipande cha mteremko kati ya ukuta wa nyumba na shamba. Hapo ndipo udongo hung'oka mvua kubwa inaponyesha, na hapo ndipo maua yaliyopandwa kwa mpangilio yanaweza kufanya kazi ambayo mahindi hayaiwezi. Yakipandwa ovyo, maua hayo hayo huweza kuwa chanzo cha mbu, kumaliza maji ya jirani, au kumdhuru mtoto. Makala haya yanaeleza yote mawili.

Wilaya moja, hali ya hewa mbili

Mkazi wa Mnazi au Lunguza, katika tambarare ya Umba, na mkazi wa Shume au Magamba wako katika wilaya moja, lakini bustani zao haziwezi kufanana. Kwa kila mita 1,000 za kupanda mlima, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Tambarare iko chini sana ya hapo, na vilele vya Magamba hupita mita 2,000. Mche wa haidranjia unaositawi kivulini mjini Lushoto utanyauka ndani ya wiki moja huko Mng'aro, hata ukimwagiliwa asubuhi na jioni.

Kwa maeneo ya baridi, maua yanayojimudu vyema ni haidranjia, agapanthasi, dalia, jeranio na waridi. Kwa tambarare yenye joto na mvua haba, ni bugenvilia, vinka, zinia, mshubiri na waridi la jangwani, ambalo kwa asili ni la maeneo makavu ya Afrika Mashariki na huhifadhi maji katika shina lake nene. Marigodi hukubali pande zote mbili, na ndiyo maana mtu anayeanza hushauriwa kuanza nayo.

Haidranjia inastahili neno la ziada, kwa sababu wengi hushangaa mche uliochukuliwa kwa jirani ukiwa na maua ya buluu unapotoa maua ya waridi ukihamishiwa kwingine. Mche haukubadilishwa, wala jirani hakudanganya. Rangi ya ua hilo hutegemea udongo. Katika udongo wenye tindikali, kama ulivyo udongo mwingi wa milimani, madini ya aluminiamu huyeyuka na kufyonzwa na mizizi, na ua huwa la buluu. Udongo ukipunguziwa tindikali, aluminiamu haifyonzwi, na ua huelekea waridi. Majivu ya jikoni hupunguza tindikali. Hivyo kaya inayomwaga majivu chini ya haidranjia kila siku inabadilisha rangi ya maua yake bila kujua. Anayependa buluu apeleke majivu yake kwenye kabichi.

Mwaka wa bustani

Maua ya msimu, yaani yale yanayoota, kuchanua na kufa ndani ya miezi michache, ndiyo yanayodai nidhamu ya kalenda. Mbegu za zinia, marigodi na kosmosi husiwa kwenye kitalu katikati au mwishoni mwa Septemba. Kitalu si lazima kiwe kikubwa. Trei ya mbao au ndoo iliyokatwa katikati na kutobolewa chini inatosha kaya moja. Udongo wake huchanganywa sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za mboji na moja ya mchanga. Mbegu hufunikwa kwa udongo mwembamba usiozidi unene wa mbegu yenyewe mara mbili au tatu, kisha hunyunyizwa maji kwa kopo lenye matundu madogo. Miche ikifikisha majani manne ya kweli huhamishwa jioni, baada ya mvua ya kwanza au ya pili kulowesha ardhi. Kuanzia kusia hadi kuchanua ni wiki 8 hadi 10, ingawa kwenye baridi ya Magamba huchukua muda zaidi. Kwa hesabu hiyo, mbegu za Septemba huleta maua Desemba, mwezi wa harusi na wa wageni kutoka mijini.

Mizizi ya dalia hupandwa mwanzoni mwa Oktoba, jicho lake likitazama juu, katika kina cha sentimita 10 hadi 15. Isimwagiliwe kabla haijachipua. Kosa hili ni la kawaida sana, nalo huozesha mizizi mingi kuliko wadudu wote wakijumlishwa.

Januari na Februari ni miezi ya jua. Hapapandwi kitu kipya, hufunikwa kilichopo. Matandazo ya majani makavu ya mgomba au nyasi, yenye unene wa vidole vinne, huzuia jua lisinyonye unyevu na hupunguza umwagiliaji kwa kiasi kikubwa. Matandazo yasigusane na shina, kwa kuwa shina linalokaa na unyevu huoza. Mwishoni mwa Februari mawaridi hupogolewa: matawi makavu na yanayopishana ndani huondolewa, na yaliyobaki hukatwa juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje, kwa kisu au mkasi mkali uliosafishwa. Waridi lililopogolewa hivyo hupokea masika likiwa na machipukizi mapya.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta maji mengi kuliko maua ya msimu yanavyohitaji. Miche midogo huoza shingoni na kulala. Kwa sababu hiyo, msimu huu hutumika zaidi kwa mimea ya kudumu: vipandikizi vya haidranjia, jeranio na bugenvilia, na mgawanyo wa mashina ya agapanthasi. Kipandikizi huwa na urefu wa kalamu, hupunguzwa majani ya chini, huchomekwa katika mchanga wenye unyevu chini ya kivuli, na hushika mizizi kwa wiki 4 hadi 6. Viriba vya miche vinaruhusiwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Viriba vilivyotumika, hata hivyo, visitupwe mferejini.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Mimea mingi ya milimani hupumzika, na mwenye bustani naye anaweza kupumzika, isipokuwa kwa kazi moja: kutengeneza mboji. Maganda ya ndizi na viazi, majani makavu, samadi ya mbuzi au ng'ombe na udongo kidogo, vikipangwa tabaka kwa tabaka katika shimo au lundo lililofunikwa na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu, huiva kwa takriban miezi mitatu, yaani Septemba kamili. Samadi mbichi isiwekwe moja kwa moja kwenye maua, kwani huunguza mizizi.

Maua yanayoshika udongo

Historia ya hifadhi ya udongo katika wilaya hii haikuanza vizuri. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Mlalo, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta mashambani. Wasambaa waliupinga, na mpango huo uliachwa kabla ya uhuru. Katika miaka ya 1980 na 1990 mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto uliojulikana kwa jina la SECAP ulirudi na njia ya upole zaidi: kupanda majani ya Guatemala na miti katika mistari ya kontua, ili mistari hiyo yenyewe ijenge matuta taratibu huku majani yakilishwa mifugo. Wazee wengi wanaikumbuka kazi hiyo, na mistari hiyo bado inaonekana katika mashamba kadhaa.

Kanuni ile ile inafaa kiwanjani. Mmea unaopendekezwa zaidi katika makala haya ni agapanthasi, lenye majani marefu kama mikanda na vichwa vya maua ya buluu au meupe. Mizizi yake ni minene na husongamana. Ukipandwa kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya shina na shina, mstari huungana ndani ya miaka miwili na kushika udongo kama ukuta mdogo. Hustahimili ukame wa Januari, na kila baada ya miaka mitatu au minne hugawanywa, kwa hiyo kaya moja inaweza kuwapatia majirani wanne miche bila gharama.

Mstari lazima ufuate kontua, vinginevyo unageuka kuwa mfereji. Chombo cha kupimia ni fremu ya A, ambayo hutengenezwa kwa fito tatu, kamba na jiwe. Fito mbili za urefu wa mita mbili hivi hufungwa pamoja juu na kutanuliwa chini. Ya tatu hufungwa katikati kwa mlalo. Jiwe huning'inizwa kwa kamba kutoka kileleni. Ili kupata alama ya usawa, fremu husimamishwa mahali, kamba inapokata ufito wa mlalo hutiwa alama, kisha miguu hubadilishwa nafasi na kutiwa alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Baada ya hapo fremu hutembezwa mtelemkoni mguu kwa mguu, na kila kamba inapokaa katikati hupigwa kigingi. Kwa kiwanja cha kawaida kazi yote haimalizi asubuhi moja, na afisa ugani wa kata anaweza kuombwa aonyeshe mara ya kwanza.

Uwanja wa kufagia si lazima ufutwe. Watoto wanahitaji pa kuchezea na mazao yanahitaji pa kuanikwa. Inatosha ukingo wake wa chini uwe na mstari mmoja wa mimea, ili maji yanayotoka uwanjani yapunguze kasi kabla ya kufika kwenye shamba la jirani. Migogoro mingi ya majirani wa mtelemkoni huanzia kwenye maji ya namna hiyo.

Kwa walio kando ya barabara, eneo la hifadhi ya barabara halipandwi bila idhini ya wakala husika, ambaye kwa barabara za wilaya ni TARURA. Ua wa maua marefu kwenye kona huziba macho ya dereva na ya mtoto anayevuka.

Maji: ya nani, na yakae wapi

Bomba la kijiji si la bustani. Katika miezi ya Januari na Februari, ndoo mbili za kumwagilia maua asubuhi na mbili jioni ni maji ya kaya ya watu kadhaa, na jumuiya za watumia maji chini ya RUWASA zinapopanga zamu, maua hayawezi kutangulia. Maji ya kuoshea mboga, nafaka na vyombo, yasiyo na sabuni kali wala mafuta, yanafaa kabisa kwa maua. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yasimwagwe mahali pamoja kila siku. Mwagilia shinani, si majani, kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni.

Wenye vitalu vya kuuzia miche hupenda kukaa karibu na kijito, na sababu inaeleweka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji pale zinapoweza kuviharibu. Mwenye kitalu aliye ndani ya umbali huo ni heri afike ofisi ya mazingira mapema kuliko kusubiri kufuatwa akiwa na miche mia tatu ardhini.

Suala la mbu linawahusu zaidi wakazi wa tambarare. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hahitaji dimbwi. Kisahani cha chini ya chungu cha maua kinamtosha. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 katika joto, na mayai yaliyokauka kwenye ukingo wa chombo huweza kukaa miezi kadhaa yakisubiri maji. Mlipuko wa dengi wa mwaka 2019 uliathiri zaidi Dar es Salaam, lakini Mkoa wa Tanga nao ulikuwa na wagonjwa. Visahani vimwagwe na kusuguliwa kwa brashi mara moja kila wiki, au vijazwe mchanga hadi juu. Matairi yanayotumika kama vyungu yatobolewe chini na kujazwa udongo kote, pamoja na ndani ya mikunjo yake, ambako maji hujificha.

Mazuri yenye sumu

Mti mdogo wenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, meupe au ya manjano, hupandwa kama uzio katika maeneo mengi ya milimani. Sehemu zake zote zina sumu: mlaji huchanganyikiwa, hukauka kinywa, mboni hutanuka na moyo huenda mbio. Oliyanda, lenye maua ya waridi na majani membamba magumu, ni hatari zaidi, na majani machache huweza kuua mbuzi. Utomvu wa waridi la jangwani ulitumika zamani kupaka mishale ya kuwindia. Hata majani ya haidranjia hayafai kulishwa mifugo.

Hii haimaanishi kwamba mimea hiyo ing'olewe yote. Isipandwe shuleni, wala karibu na zizi, wala pale ambapo watoto wa umri wa kutambaa hukaa, na matawi yaliyopogolewa yasitupwe njiani mwa mbuzi. Mtoto akila, asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya haraka pamoja na kipande cha mmea wenyewe, ili mhudumu ajue anashughulika na nini.

Ua la hapa ambalo wengi hawalipandi

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani mjini Tanga, aliona katika eneo la Usambara ua dogo la zambarau lililoota kivulini miongoni mwa miamba, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliita Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Leo ua hilo hukaa madirishani Ulaya na Amerika, na Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Katika kaya za Usambara kwenyewe ni nadra kulikuta kwenye chungu, jambo linalosikitisha kidogo.

Huko porini limo hatarini, kwa sababu linategemea kivuli na unyevu wa msitu, na msitu ukikatwa juu ya mwamba nalo hukauka. Kulichukua msituni si njia ya kulipata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kuchukua mimea katika misitu ya hifadhi bila kibali, na hilo linahusu pia udongo mweusi unaochimbwa Magamba kwa ajili ya vyungu. Majani makavu yakirundikwa nyuma ya nyumba kwa mwaka mmoja hutoa udongo wa namna hiyo hiyo. Ua lenyewe hupatikana kwa jani moja tu kutoka kwa aliye nalo tayari: jani lililokomaa hukatwa na kikonyo cha sentimita 3, huchomekwa kwa kuinamishwa katika mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, na hufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Mizizi hutoka kwa wiki 3 au 4, na miche midogo huchomoza chini ya jani baada ya miezi miwili au zaidi. Maji yatiwe kupitia kisahani na yanayobaki yamwagwe baada ya nusu saa. Tone la maji baridi juu ya jani huacha doa.

Tahadhari ya upande wa pili ni lantana. Ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kwa sababu ya uzuri wa maua yake, ndege wakasambaza mbegu, na sasa husonga malisho na kingo za misitu katika sehemu nyingi za nchi. Anayetaka uzio wa maua achague bugenvilia, ambayo haijipandi yenyewe kwa urahisi.

Kuhusu wadudu, machache yanatosha. Vidukari huondolewa kwa maji ya sabuni ya mche, kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa katika lita moja, yakinyunyizwa chini ya majani kwa siku mbili au tatu mfululizo. Konokono huokotwa usiku kwa tochi. Majani yenye kutu au ukungu mweupe hukatwa na kuchomwa, wala hayawekwi kwenye mboji. Kiuatilifu kilichobaki shambani kisimwagwe kwenye maua, kwa kuwa nyuki wanaotembelea maua hayo ndio wanaochavusha maharage na maparachichi ya jirani.

Mwisho wa msimu, vichwa vitano au sita vya zinia na marigodi vilivyo bora viachwe vikaukie shinani. Huvunwa siku ya jua, hupukuchuliwa, huanikwa kivulini kwa siku mbili, na huhifadhiwa katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa jina na mwezi, mbali na moshi wa jikoni. Mbegu za chotara zilizonunuliwa dukani hazitatoa maua yanayofanana na ya mwanzo, lakini za kienyeji zitatoa. Maafisa ugani wa kata hupokea maswali kuhusu maua kama wanavyopokea maswali kuhusu mazao mengine, na anayefika na jani lenye ugonjwa alifunge katika gazeti, si katika plastiki, ili lisioze kabla ya kuonwa.